Nusu Saa ya Mikate

Mtu yeyote aliyepita shule yetu anaweza kumwiga Mwalimu akitembea. Mikono nyuma, kidevu juu, hatua ndefu za polepole, na kila baada ya hatua saba au nane anasimama ghafla kumwuliza aliye karibu swali la historia. Tumemwiga arusini, tumemwiga matangani. Kuna mwenzetu mmoja, siku hizi ni mwanajeshi kambini Gilgil, ambaye humwiga akiwa na sare na bado watu wanamtambua Mwalimu papo hapo. Mimi pia ninamwiga, tena vizuri. Nasema mapema ili mtu asidhani nilimchukia tangu mwanzo. Nilimpenda yule mzee, na ndiyo maana naandika nikiwa na hasira.

Shule ilikuwa na walimu zaidi ya ishirini, lakini ukisema "Mwalimu" tu, kila mtu alijua ni nani. Wengine walikuwa Madam wa Hesabu, Sir wa Kemia, Sir Mfupi. Yeye alifundisha Historia kutoka Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na hakuwahi kuingia darasani na kitabu. Alikuja na chaki mbili, moja nyeupe ya kuandikia na moja nyekundu ambayo sikuwahi kumwona akiitumia. Tulikuwa na nadharia nyingi kuhusu ile chaki nyekundu. Nilipomwuliza siku moja, alisema anaiweka kwa ajili ya jambo la maana, na bado halijatokea.

Kwao ni wapi, hatukumwuliza. Nakuru ni mji ambao karibu kila mtu alikuja akitoka pengine, na kuna miaka ambayo "kwenu ni wapi" halikuwa swali la kupitishia wakati. Mtu akinyamaza kuhusu kwao, unamwachia kimya chake. Tulijua anaishi mtaa wa Section 58, mkewe ni muuguzi, na hana wazazi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote, nasi tukadhani amekitoa vitabuni. Nguruwe hakula. Kwenye sherehe za kanisa, watu walipomsukumia sahani, alishika tumbo na kusema daktari amemkataza. Chai ya ofisini hakuinywa mpaka atumbukize punje mbili za iliki alizotembea nazo mfukoni, zimefungwa kwenye karatasi. Madam wa Hesabu alimtania kwamba ana mapenzi ya siri na Mhindi wa dukani. Alicheka na kuendelea kukoroga.

Maneno yake tulikuwa tunayaandika nyuma ya daftari. "Historia si tarehe. Historia ni nani alikuwepo." Au siku ile mvulana mmoja alipoandika insha ndefu kuhusu ujenzi wa reli bila kutaja hata mfanyakazi mmoja: "Ukikosea mwaka nitakusamehe. Ukimfuta mtu, sitakusamehe." Alimrudishia karatasi akaiandike upya, na mvulana akaandika upya mara tatu. Methali aliyoipenda ilikuwa mkataa kwao ni mtumwa. Aliiandika ubaoni kila mwanzo wa muhula, juu kabisa, na ilikuwa marufuku kuifuta mpaka ififie yenyewe.

Alikuwa mkali na alikuwa mlaini, na hukujua leo utampata yupi. Mtoto akichelewa kwa uvivu alifagia darasa wiki nzima. Mtoto akichelewa kwa sababu mama mgonjwa, Mwalimu alimwuliza anaumwa nini, ameenda hospitali gani, na jioni unasikia Madam Nesi amepita hapo nyumbani na begi lake. Madam Nesi ndiye mkewe. Mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuimba, asiyeweza kukuona bila kukuuliza umekula nini. Mimi nililala bweni, na likizo fupi zile za siku tatu, nauli ikinipiga chenga, nilikaa kwao Section 58. Nilifua, nikapika, nikalala kwenye kochi. Alikuwa akiniita binti yangu, na mimi nilikubali haraka sana.

Sababu ya kukubali haraka nitaisema, ijapokuwa bado inaniuma.

Mama yangu alikuwa anauza viazi na karoti kando ya barabara kuu, Gilgil. Unawajua wale akina mama, gari likipunguza mwendo wanakimbia nalo wameinua ndoo. Huyo ndiye mama yangu, na mbio zake zilikuwa za kwanza. Siku ya zawadi nikiwa Kidato cha Pili alikuja shuleni moja kwa moja kutoka barabarani, na gamboti zake za mpira miguuni, na gunia la viazi la kuwapa walimu. Mimi nilikuwa nimesimama na wasichana wa mjini, wale ambao mama zao walikuja wamevaa viatu vya kisigino. Mmoja akaniuliza, "Huyo mathe anakutafuta ni nani?"

Nikasema, "Ni msee wa kazi ya kwetu. Mama amemtuma."

Sikujua Mwalimu amesimama nyuma yangu. Hakunipiga, hakupiga kelele. Aliweka mikono nyuma, akangoja wasichana watawanyike, kisha akasema, "Mshike mama yako mkono." Nikaenda nikamshika. Mama akafurahi, maskini, hakujua kitu. "Sasa," Mwalimu akasema, "mpeleke kwa kila mwalimu wa shule hii, mmoja mmoja. Useme, huyu ni mama yangu. Mimi nitakuwa nyuma yenu nikisikiliza." Tulizunguka uwanja mzima. Huyu ni mama yangu. Huyu ni mama yangu. Kufikia mwalimu wa kumi machozi yalikuwa yananitoka na mama alidhani ni ya furaha, naye akaanza kulia. Tulipomaliza, tulipita mbele ya wale wasichana na nikasema tena, bila kuambiwa.

Siku hiyo ndiyo iliyonifanya mtu. Sisemi kwa mapambo. Nina duka la dawa za mifugo Gilgil leo, mama anakaa mbele ya kaunta na kuwatukana wateja, na sijawahi tena kumwonea haya. Nikiulizwa ni nani alinilea, nilikuwa nasema wawili: mama, na Mwalimu. Nilikuwa nasema hivyo mpaka mwaka jana.

Kanisani kwa akina Mwalimu, Jumapili ya akina mama, waliofiwa na mama zao husimama ili waombewe. Nilikuwa huko mara mbili, likizo ziliangukia hapo. Mwalimu alisimama mara zote mbili, kichwa kimeinama, na Madam Nesi akamwekea mkono mgongoni. Wazee wengine hukaa chini maombi yakirefuka. Yeye alibaki wima mpaka amina ya mwisho. Nilimwangalia nikamwonea huruma, mtu mzima kiasi kile anayemlilia mamake bado.

Madam Nesi ndiye aliyenisimulia jinsi walivyooana, siku moja tukichambua mboga. Kwao ni Elburgon, watu wa mbao na mashamba, watu wa kanisa tangu babu. Kijana mwalimu alikuja kuchumbia bila ukoo. Alisema wazazi wamekufa, ndugu hana. Sasa mahari utaenda kuijadili na nani? Huwezi kwenda peke yako, utaonekana mwizi. Wazee wa kanisa wakajitolea kusimama kama wazazi wake. Walikuja na makreti ya soda na blanketi kama desturi inavyotaka, wakaketi upande wa bwana harusi, wakamwita mtoto wetu. "Baba alilia," Madam Nesi alisema. "Akasema mahari ya yatima hailiwi yote. Akamwambia, kuanzia leo una baba. Na ndiye aliyemkatia shamba, kama kijana wake." Alisema hayo kwa fahari, na mimi nilimpenda Mwalimu mara mbili.

Sasa nifike kwenye safari.

Kila mwaka Mwalimu aliwapeleka Kidato cha Tatu Mombasa. Walimu wakuu walibadilika, basi la shule liliharibika na kutengenezwa, lakini safari haikukosa. Wengine walitaka twende Nairobi tukaone makumbusho, ni karibu. Alikataa. Alisema mtoto wa bara lazima aone mji uliokuwa mji kabla ya reli. Tulitembea naye mitaa ya Mji wa Kale mstari mmoja, wasichana kulia, wavulana kushoto, akitusimamisha kila mlango wa nakshi. Alikuwa na sheria: hakuna kula ukitembea. Mtu akila njiani haoni. Basi kwa saa tatu tulitazama njaa na historia kwa pamoja.

Halafu, tukitoka kwenye ngome ya kale, alituingiza kichochoro kimoja chembamba na kusema, "Nusu saa. Tunakula mkate."

Palikuwa na nyumba ya chini yenye baraza la saruji, na kando yake tanuri la udongo. Bibi mmoja mwenye leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, alikuwa anabandika mikate midogo ya duara kwenye kuta za tanuri, mkono wake unaingia motoni na kutoka kama hauna habari. Mkate wa mofa. Unautoa, unaupulizia, ni mgumu kwa nje na mtamu kwa ndani, unaula na supu. Tulikuwa arobaini na bibi alikuwa tayari na mikate ya watu arobaini. Wakati ule sikujiuliza alijuaje.

"Mwalimu," bibi alimwambia, "umekonda. Hawakupikii huko bara?"

"Wanapika, Bibi."

"Na hawa watoto wako wana adabu?"

"Wana adabu kiasi, Bibi."

Tukacheka. Mwalimu aliketi kwenye kigoda karibu na tanuri, mahali penye joto kali ambapo hakuna mtu mwenye akili angeketi, akala mkate wake polepole. Mimi nilikuwa kiranja, kwa hiyo niliwapitishia wengine bakuli za supu, na bibi alinishika kidevu akaniuliza jina. Nusu saa ilikwisha. Mwalimu akasimama, akasema, "Ahsante, Bibi, mpaka mwakani," na bibi akasema, "Mwakani, Mwalimu, Mungu akipenda." Ndani ya basi aliketi mbele, akatazama dirishani mpaka Voi. Tulidhani amechoka.

Mwaka jana mimi na mume wangu tuliamua kujipa likizo kama watu. Tulipanda treni, tukapata chumba cha kulala kisicho na mbu wengi, na asubuhi ya pili nikamwambia twende nikuonyeshe mji. Nilimzungusha kwa mwendo wa Mwalimu, mikono nyuma. Nilimsimamisha kwenye milango. Nilimnyima hata juisi ya miwa. Tukitoka ngomeni nikamwambia, "Sasa nusu saa, tunakula mkate," nikaingia kile kichochoro bila kupotea.

Tanuri lipo. Aliyekuwa anabandika mikate ni mama wa miaka hamsini na kitu, na nyuma yake, mlangoni, kitanda cha kamba kimevutwa ili aliyelala aone njia. Bibi alikuwa amebaki macho na mifupa. Tuliketi barazani, tukala. Mkate haukuwa umebadilika hata kidogo. Kwa furaha ya tumbo nikamwambia yule mama, "Nilikula hapa nikiwa shule. Tulitoka Nakuru, tukaletwa na Mwalimu wetu."

Mkono wake ukasimama juu ya tanuri. Kutoka kitandani ikatoka sauti nyembamba. "Nani yuwatoka Nakuru?"

Nikaingia, nikamsalimu, nikaketi chini. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwalimu wenu yu hai?"

"Yuko hai, Bibi. Alistaafu, ni miaka sita sasa. Anakaa shambani."

"Alhamdulillahi," alisema. Akarudia, na machozi yakamtoka yakaingia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali. "Mi nkadhani mwanangu ashakufa."

Nilidhani anasema mwanangu kama wazee wote wanavyosema. Yule mama wa tanurini, binti yake, ndiye aliyenifumbulia. Alimwomba mume wangu aende akaangalie msikiti ule wa zamani hapo kona, mume wangu akaelewa, akaenda. Kisha akanieleza akiwa amesimama, unga mikononi. Mwalimu ni kakake. Alizaliwa chumba hicho hicho. Alisomeshwa kwa mikate hiyo. Alipopata kazi bara aliandika barua mbili, kisha akanyamaza, na miaka minne baadaye akatokea kichochoroni na wanafunzi wamejipanga mstari.

"Alisimama pale," Bibi alisema akionyesha njia kwa kidole. "Amevaa tai. Watoto wa watu nyuma yake wamtazama. Akanitazama, asiweze kusema. Nikajua pana jambo. Mtoto wako huwezi kumwacha akaaibika mbele za watu. Nikamwuliza, Mwalimu, wanafunzi wako wataka mikate mingapi?"

Kuanzia siku hiyo ikawa hivyo. Kila mwaka nusu saa. Mara moja tu, watoto walipokuwa wanapanda basi, alirudi akikimbia kudai amesahau mwavuli, na akamwambia yote kwa dakika tano: kwamba ameoa, kwamba alisema yeye ni yatima kwa kuogopa wakwe hawatampa binti kijana wa dini nyingine na mtoto wa muuza mikate, kwamba sasa amepewa baba na shamba na hajui atarudije nyuma. Bibi alimwambia aende, basi litamwacha. Alipostaafu hakukuwa na wanafunzi tena, na bila wanafunzi hakuwa na sababu ya kufika. Alipiga simu Idi mbili. Halafu kimya.

Niliona uwanja mzima wa shule, na gamboti za mama, na ule mgongo uliosimama wima kanisani ukiombewa kwa sababu ya mama aliyekuwa hai, tanurini, akihesabu miezi. Nikasema kwa sauti, "Muongo. Muongo mkubwa."

"Usimtukane mwanangu nyumbani kwangu," Bibi alisema, bila ukali. Kisha akaniomba. Hakutaka aje kukaa. Hakutaka atangaze kanisani. Alitaka aje mara moja kabla hajafa, aje na mkewe, waingie mlangoni kama watu na wake zao. "Nimwone mke wa mwanangu, basi. Hata nusu saa." Nikamwahidi. Tukapeana namba na binti yake.

Mwezi huo huo nilipanda Elburgon. Baridi ya kule huingia mpaka kwenye meno. Walinipokea kama siku zote, Madam Nesi akanikumbatia, akaniuliza nimekula nini, akakimbilia jikoni. Mwalimu amezeeka, masikio yamekuwa mazito, na anafuga kuku wa mayai kwa bidii ile ile ya kusahihisha mitihani. Nilimwambia nataka kuona kuku. Tukaenda nyuma ya nyumba, mikono yake nyuma, na kwa hatua ya saba akasimama kuniuliza habari za duka.

"Nimetoka Mombasa," nilisema kwa nguvu ili asikie mara moja. "Nimekula mkate kwa Bibi. Najua ni mama yako."

Alitazama kuku. Akainama, akaokota yai, akalipangusa kwenye koti. "Anaumwa?"

"Anakufa. Anataka uende na Madam. Mara moja tu."

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani? Madam atakuchukia? Madam ni mtu wa kuchukia?"

"Humjui babake," alisema. "Alinipa hili shamba kwa sababu sina kwetu. Kabla hajafa alinishika mkono akaniita mwanangu. Watoto wangu nimewaambia nyanya yao amezikwa. Nikifungua mlango mmoja, nyumba yote imeanguka."

Hapo ndipo nilipomkosea heshima kwa mara ya kwanza maishani mwangu. "Na mimi je? Mimi ulinizungusha uwanja mzima. Ulikuwa nyuma yangu unasikiliza. Wewe!"

Alinitazama vizuri, na kwa dakika hiyo alikuwa Mwalimu wangu kabisa. "Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano," alisema. "Ilikuwa bado. Mimi nilikuwa nimeshachelewa. Nilitaka angalau mmoja asichelewe."

Watu wengine wangelainika. Mimi nilizidi kuwaka, kwa sababu niligundua kwamba kitu kizuri kuliko vyote nilivyopewa nilipewa na mtu aliyejua thamani yake na akakinyima mamake. Nikamwambia, "Basi nenda leo. Leo bado hujachelewa." Akasema chai inapoa.

Tuliketi sebuleni. Madam Nesi alileta chai na viazi vya kuchemsha na akaanza kunisimulia habari za wajukuu. Chai ilinukia iliki. Simu yangu ikalia, na nikaona namba ya Mombasa. Nilijua ni dada mtu anataka kusikia nimefika au la. Sikupanga nilichofanya, lakini sijutii. Nilipokea, nikasema, "Niko naye hapa, mpe Bibi simu," nikamwekea Mwalimu simu mkononi mbele ya mkewe.

"Ni nani?" Madam Nesi akauliza.

"Ni Bibi wa Mombasa," nilisema. "Anamtafuta Mwalimu."

Alibaki ameishika simu kama yai. Mkewe, kwa huruma zake, akamnyang'anya kidogo akabonyeza spika. "Masikio yake hayasikii siku hizi," alisema kwenye simu. "Ongea tu, Bibi, nimekuwekea spika."

Tulisikia pumzi ya Bibi, fupi fupi. Nikamtazama Mwalimu usoni. Nilikuwa namwambia kwa macho: sema. Neno moja. Hata useme kwa sauti ndogo, Madam atashika mengine.

"Hujambo, Bibi," Mwalimu alisema.

Pumzi ikasimama, ikaendelea. "Sijambo, Mwalimu," sauti ikasema, sasa imechangamka, sauti ya barazani. "Nasikia umestaafu. Umekonda?"

"Sijakonda, Bibi. Wananipikia vizuri."

"Na wale wanafunzi, wana adabu?"

"Wana adabu kiasi."

Madam Nesi alicheka, akaisogelea simu. "Pole kwa ugonjwa, Bibi. Ukipona karibu Elburgon. Ni baridi lakini utapata maziwa."

"Ahsante, mwanangu," Bibi alisema. "Ahsante sana. Mungu akuweke. Mungu awaweke nyote na watoto." Mwalimu akanirudishia simu bila kuniangalia.

"Ni nani huyo mama?" Madam Nesi akamwuliza. "Anapendeza."

"Muuza mikate wa Mombasa," Mwalimu alisema. "Wanafunzi wangu walikuwa wakila kwake." Akachukua kiazi, akaanza kukimenya.

Nilitoka nje na simu ikiwa bado hewani, nikapita mabanda ya kuku mpaka kwenye ua, mahali wasingenisikia. Niliiweka sikioni nikitafuta maneno ya kumwombea radhi, kwake, kwangu, sijui. Yeye akawahi.

"Huyo nd'o mkewe?"

"Ndiye, Bibi."

"Ana sauti nzuri." Akakohoa muda mrefu, binti yake akimwambia anyamaze apumzike. Hakunyamaza. "Mwanangu, hebu niambie kweli. Nimesema vizuri? Hakushuku?"

"Ulisema vizuri, Bibi," nikamwambia. "Hakushuku kitu."